"Mziki unakata nikifua": kisa cha nyumba iliyokuwa inanyamaza kila jioni

Nyumba ipo Mbezi, Dar es Salaam, ya ghorofa moja, na vyumba vitano vina mziki, ukitoka sebuleni ukaingia jikoni unaukuta wimbo pale pale ulipouacha, ukipanda juu chumbani unaukuta pia, haujachelewa wala haujawahi. Mwenye nyumba ni mzee mstaafu, maisha yake yote amekusanya CD za dansi, rumba na taarab, zote zimeshaingizwa kwenye diski moja ya tera 1 kwa FLAC, yaani sauti imebanwa bila kupunguzwa kitu. Alifungiwa na mpwa wake miaka kadhaa nyuma na ilikuwa inapiga vizuri tu, hadi karibuni ikaanza kunyamaza.

Mimi ni fundi wa mitandao, nilipofika nikamwamkia, akaitikia marahaba, kabla hata sijakaa akaniambia, "Kijana wangu, nyumba nzima inazimika sauti kama imekatwa kisu, dakika moja, wakati mwingine mbili, afu inarudi yenyewe. Na ni jioni, saa ninayoitaka." Alikuwa ameshaweka kifurushi kikubwa zaidi cha intaneti na ameshanunua rauta mpya. Hela imeenda, tatizo lipo vile vile.

Kwanza nieleze mfumo ulivyo maana bila hapo kisa hakieleweki. Stoo ya chini kuna kompyuta ndogo inayoendesha Lyrion Music Server, programu ya kugawa mziki, hiyo ndo seva (wa zamani mnaijua kwa jina la Logitech Media Server, jina limebadilika 2024), pembeni yake ndo rauta ilipo. Kila chumba kina Raspberry Pi moja, kikompyuta kidogo, inayoendesha programu ya Squeezelite, hiyo ndo pleya, inapokea mziki kutoka kwa seva na kuupeleka kwenye spika. Sebuleni imechomekwa waya, jikoni inatumia waifai ya rauta ya chini. Juu kuna chumba cha mzee, chumba cha kusomea na baraza, vyote vitatu vinategemea AP, kile kisahani cheupe cha waifai, kilichofungwa ukutani kwenye korido ya juu na kinacholetewa mtandao kwa waya kutoka chini.

Hapo utaona jambo la kwanza. Mziki unatoka kwenye diski iliyomo humo humo ndani, haupiti intaneti kabisa. Nikachomoa waya wa intaneti kwenye rauta, nikaacha mtandao wa ndani uendelee, mziki ukapiga kama kawaida, na baada ya saa moja na kitu ukakata kama kawaida. Kwa hiyo kile kifurushi kikubwa hakikuwa na kosa wala msaada. Hicho kipimo ni cha bure na ningependa kila fundi akifanye kabla hajamwambia mtu aongeze hela ya mwezi.

La pili, "nyumba nzima". Neno hilo ndilo lililowapoteza waliotangulia, maana ukisikia nyumba nzima akili inakimbilia kitu kinachogusa vyumba vyote, yaani seva au rauta. Lakini pleya zikiwa zimeunganishwa zipige pamoja, moja ikiishiwa mziki seva inasimamisha zote ili zisubiriane, la sivyo chumba kimoja kitakuwa mbele na kingine nyuma. Mgonjwa mmoja, wanalala wote. Nikazitenganisha, kila chumba kikapiga peke yake orodha yake. Jioni ile sebuleni haikukata hata mara moja, jikoni haikukata, na juu vyumba vyote vitatu vikakata kwa pamoja. Tatizo ni la juu.

Hapa ndipo nilipokosea. Nikapima waifai ya juu nikakuta AP imejichagulia chaneli 3 kwenye bendi ya gigahezi 2.4, na upana ni megahezi 40, katikati ya mitandao ya majirani imejazana. Kwenye 2.4 chaneli zipo megahezi 5 tu kutoka moja hadi nyingine wakati waifai yenyewe inakula 20, ndo maana zisizogusana ni 1, 6 na 11 tu, ukikaa ya 3 unapigana na wa 1 na wa 6 wote wawili, na ukitanua hadi 40 umechukua karibu nusu ya njia nzima. Nikaiweka chaneli 11, upana 20. Majibu ya pingi, yaani ujumbe mfupi wa kuuliza kifaa kama kipo, yakashuka kutoka kama milisekunde 40 hadi 6. Nikaona namba nzuri nikaamini nimemaliza, mzee akanilipa, nikaondoka. Siku ya tatu akanipigia. Hakunigombeza, alisema tu, "Imerudi, kijana wangu," na mimi iliniuma maana hela yake nilishaila.

Chaneli ilikuwa mbaya kweli na ilistahili kurekebishwa, lakini haikuwa na nguvu ya kunyamazisha mziki. Angalia hesabu. CD bila kubanwa ni biti 1,411,200 kwa sekunde, ikiwa FLAC inashuka, za mzee wastani ni kama kilobiti 850. Pleya tatu za juu ni kama megabiti mbili na nusu. Hata waifai iliyochoka inabeba hiyo. Na kila pleya ina akiba yake, bafa, ambayo inaziba mapengo madogo. Ningefanya hiyo hesabu siku ya kwanza nisingeondoka.

Niliporudi nikaacha kubahatisha. Nikaandika kiprogramu kidogo kwenye seva, kila sekunde moja kinapiga pingi kwa pleya zote tano pamoja na anwani ya AP yenyewe, na kinaandika muda. Nikamwomba mzee naye awe na daftari, kila mziki ukikata aandike saa na kila mtu alikuwa anafanya nini. Yeye anaandika saa za Kiswahili, logi, yaani kumbukumbu za kiprogramu, inaandika za masaa 24, kwa hiyo yeye "saa 1 na dakika 42 usiku" mimi naisoma 19:42. Mama mwenye nyumba naye akaongeza yake: huwa inakata karibu na chakula, kwa hiyo ni maikrowevu. Wazo si baya, maikrowevu inafanya kazi karibu na gigahezi 2.45, ndani kabisa ya njia ya waifai. Nikaweka kikombe cha maji dakika tatu. Pleya ya jikoni ikapoteza pingi kadhaa, nyingine zikachelewa sana, lakini sauti haikutetereka, bafa ilibeba. Maikrowevu ikatoka kwenye orodha.

Logi ya jioni mbili ikaleta picha. Kila mziki ulipokata juu, pleya tatu zilikuwa zimepotea kwa sekunde ile ile moja, na AP nayo imepotea pamoja nazo. Hiyo ya AP ndo muhimu, kwa sababu pingi ya kwenda AP inapita kwenye waya mwanzo hadi mwisho, haigusi hewa. Ingekuwa chaneli, majirani, ukuta wenye nondo, AP ingejibu na pleya zingekosekana. Hapa AP yenyewe haipo. Inapotea sekunde kama 100, inarudi. Nikaingia kwenye ukurasa wake nikaangalia imewaka tangu lini: dakika 19. Na umeme haukuwa umekatika, taa zote zilikuwa zinawaka. Logi yake ya ndani inaanza upya kila ikiwaka kwa hiyo haikuwa na la kunieleza. Lakini hiyo dakika 19 ilitosha, kitu kinaizima na kuiwasha.

Sasa ni nini? Daftari la mzee halikusaidia, au niseme mimi sikujua kulisoma. Kila mstari: "nimekaa", "naangalia taarifa ya habari", "mama anasoma", "hakuna". Hakuna mtu anayefanya chochote mziki ukikata.

Dada wa kazi alikuwa anapita na ndoo akasimama. Akasema, "Kaka, mimi mziki huwa unakata nikifua." Mama akamjibu hayo mambo ya mtandao hayahusiani na kufua. Nikamwomba aendelee. Akasema akifua au akiogesha mtoto bafuni juu, si kila siku, ila mara nyingi jioni, mziki unakata. Na alishawahi kumwambia fundi wa kwanza. Kilichonisikitisha ni hicho, jibu lilikuwepo ndani ya nyumba tangu mwanzo.

Maji ya bomba hapo hayapandi ghorofani kwa nguvu yake. Kuna simtanki uani na pampu ya otomatiki, ukifungua bomba lolote la juu presha inashuka na pampu inawaka yenyewe, ukifunga inazima. Nikafungua bomba la bafuni huku naangalia simu. Mara ya kwanza hakuna kitu. Ya pili hakuna. Ya tatu, taa ya AP ikazima na kuwaka. Lakini mziki unaendelea! Nikasimama pale korido nahesabu, baraza bado inapiga, chumbani bado kunapiga, na sekunde ya 29 vyote vikanyamaza. Wakati huo bomba nilishalifunga na pampu ilishazima zamani.

Ndo maana daftari halikuwa na kitu. Mzee alikuwa anaandika watu wanafanya nini sauti inapokatika, wakati chanzo kilishapita karibu nusu dakika nyuma. Mtu amejaza jagi la maji juu, sekunde kumi, amefunga bomba, ameshuka ngazi, amekaa kwenye kochi, ndo mziki unakata, na yeye anasema kwa haki kabisa hakuna alichokuwa anafanya. Dada peke yake ndo aliyeona uhusiano kwa sababu yeye akifua anakaa bafuni dakika nyingi, kwa hiyo chanzo na matokeo vyote vinamkuta bado yupo kwenye beseni.

Hizo sekunde 29 hazikutoka hewani, zinahesabika. Squeezelite isipobadilishwa inakuja na bafa mbili. Ya kuingilia ni kilobaiti 2048, inakaa mziki ukiwa bado umebanwa, kwa FLAC ya kilobiti 850 hiyo ni kama sekunde 20. Ya kutokea ni kilobaiti 3446, humo mziki umeshafunguliwa na kila sampuli imepewa baiti 4 kwa kila upande, 44,100 mara 8 ni baiti 352,800 kwa sekunde, ukigawa unapata sekunde 10 kamili. Jumla 30. Nikajaribu tena na nyimbo nyingine za CD nikapata 27 na 31, maana kila wimbo unabanika kwa kiasi chake. Afu nikachukua faili moja la biti 24 kilohezi 96, hilo ni zito, akiba inaisha haraka, likanyamaza sekunde ya 11. Hesabu na saa ya mkononi zikakubaliana, na hapo ndipo nilipopata uhakika kwamba mtandao unakatika dakika ile ile pampu inapowaka na si baadaye.

Wengi hapa wataniuliza jambo moja, si uongeze tu bafa? Inawezekana, Raspberry Pi ina memori ya kutosha, unaweza kuiwekea megabaiti 16 ikabeba zaidi ya dakika mbili na nusu. Nilikataa kwanza. AP ikizimwa na kuwashwa kwa nguvu mara kadhaa kila jioni itakufa mapema, na nilikuwa sijajua bado pampu inaifanyia nini. Ukificha dalili kabla hujauona ugonjwa, unabaki na ugonjwa usio na dalili.

Tukaingia kwenye umeme. Mota ya pampu inapoanza kuzunguka inavuta mkondo mara tano hadi saba ya ule wa kawaida, kwa sehemu ndogo ya sekunde. Hii ya mzee ni ya hosipawa 1, ikitulia inakula kama ampea 5, kwa hiyo kuanza ni 25 hadi 35. Na nilipofuata waya nikakuta pampu haina laini yake, imechukuliwa kutoka soketi ya korido ya juu, waya wa milimita 1.5 umeshushwa uani kama mita 30, na soketi hiyo hiyo ndo inayolisha AP. Waya huo una ukinzani wa kama omu 12 kwa kilomita, kwenda na kurudi mita 60 ni omu 0.7, ampea 30 zinakula volti 21 njiani. Hizo 21 zinapotelea kwenye waya wa uani baada ya soketi, kwa hiyo zinaiumiza pampu zaidi kuliko AP. Kilichokuwa kinaiumiza AP ni kabla ya soketi. Nikaweka multimita kwenye soketi ya AP, kwenye kipimo cha kushika namba ya chini kabisa. Jioni volti za mtaa zilikuwa 209, na pampu ilipowaka zikashuka hadi 171. Nikagusa kava ya soketi, ya moto. Nikazima breka, nikahakikisha kwa testa, nikafungua: skrubu ya nyutro (waya wa kurudishia umeme) imelegea, waya umeungua hadi mweusi, plastiki imeanza kuyeyuka.

Hapo nikanyamaza kidogo. Tulikuwa tunatafuta kwa nini rumba inakata, kumbe ukutani kwenye korido wanayolala watu kuna kitu kilichokuwa kinaelekea kuwaka moto. Nikamwambia mzee pampu haiwashwi tena hadi fundi umeme mwenye leseni aje. Mimi ni mtu wa mitandao, laini za ukutani si kazi yangu.

Lakini bado kuna swali ambalo lilinisumbua, na nadhani wengi wangelipita. Adapta ya AP imeandikwa volti 100 hadi 240. Volti 171 ipo ndani kabisa ya hapo. Kwa nini izime? Nikachukua adapta nyingine mpya yenye namba zile zile, volti 12 ampea 1.5, nikaichomeka. Kabla ya fundi umeme kugusa kitu, kwa ruhusa ya mzee na soketi ikiwa imekazwa kwa muda na mimi nimesimama pale pale, tukapima. Mchana nilishafanya na adapta ya zamani: bomba mara 20, AP ikazima mara 2. Jioni mara 20, ikazima mara 7. Adapta mpya jioni ile ile, mara 20, haikuzima hata mara moja. Ndani ya ile ya zamani (iliachwa imechomolewa siku nzima kwanza, maana kapasita ya mle inashika zaidi ya volti 300 na inaweza kukuumiza hata ikiwa imechomolewa) kapasita kubwa imevimba kichwani. Kapasita hiyo ndo inayotunza umeme wa kuziba pengo pale mlisho unapopungua kwa sehemu ya sekunde, ikizeeka inabaki jina tu. Joto la Dar na miaka ya kuwaka usiku na mchana vimeimaliza.

Fundi umeme akaja siku ya pili. Pampu ikapewa laini yake kutoka meni swichi, waya wa 2.5 na breka yake. Soketi ya korido ikang'olewa, ule waya uliobabuka ukakatwa, ikafungwa mpya. Alipomaliza nikarudisha makusudi ile adapta mbovu ili nijue kila kimoja kilichangia nini. Jioni, mara 20, ikazima mara 1. Kwa hiyo adapta ndo ilikuwa mgonjwa, na nyutro iliyolegea ndo ilikuwa inamsukuma. Ukitengeneza waya tu bado ungepigiwa simu tena na tena, ukibadilisha adapta tu mziki ungepona na ukuta ungewaka. Na hii inaeleza pia kwa nini ilikuwa jioni zaidi: mtaa mzima unapika, unapasha, unawasha feni na pasi, volti zimeshashuka kabla pampu haijaongeza yake.

Nikamfungia pia yupiesi ndogo ya volti 12, yaani betri ya akiba, kwa ajili ya AP. Bafa nikaiongeza hadi megabaiti 8, sasa kwa moyo mweupe maana hakuna ninachokificha. Chaneli ikabaki 11.

Jaribio la mwisho nilimwachia dada alisimamie. Mzee akachagua CD yake, vyumba vyote vitano vikaunganishwa, dada akapanda bafuni juu na beseni la nguo na akafua kama anavyofua siku zote, anafungua anafunga, anafungua anafunga. Tulikaa sebuleni saa nzima. Mama ndo aliyeinuka akaenda hadi chini ya ngazi akaita, "Mwanangu, bado unafua?" Akajibu, "Nasuuza, mama," na mziki ulikuwa unapiga huko juu nyuma ya sauti yake.

Kiprogramu cha pingi nilikiacha kwenye seva. Mwezi uliopita nilipita kumsalimia mzee nikakisoma: siku 41 AP haijazima. Pengo lipo moja tu, la dakika 52, jumapili mchana, na siku hiyo umeme ulikatika mtaa mzima.